Mstari Uliosogea Hatua Moja

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetukanwa kwa heshima. Kocha ameniita chumba cha mipira, akafunga mlango, akanipa kiti. Nikajua papo hapo kuna jambo. Miaka kumi na tisa naichezea timu ya kikapu ya kiwanda chetu cha rangi, na sijawahi kupewa kiti.

Akasema Jumamosi tunafungua msimu na timu ya kiwanda cha unga, na hiyo ndiyo itakuwa mechi yangu ya mwisho. Nitapewa maua. Jezi yangu namba nane itatundikwa ukutani. Nikamuuliza kama nimekufa. Akasema hapana, ila nina miaka arobaini na mbili. Kocha huyu nilimpokea hapa akiwa mchezaji asiyejua hata kukaba! Leo ananihesabia miaka.

Nikamkumbusha kwamba pointi tatu za mbali katika timu hii ni mimi. Mpira ukitoka mkononi mwa Mshale, mwandika pointi anaandika kabla haujatua. (Mshale ndiye mimi. Jina nilipewa na jukwaa, sikujipa.) Akacheka, akasema haya basi, nikitia tano za mbali Jumamosi, yeye mwenyewe atachana barua ya kuniaga. Tumepeana mikono. Maskini, hajui amepeana na nani. Ng'ombe hazeeki maini!

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi. Nimetupia ishirini kutoka nyuma ya mstari. Nimetia tatu. Upepo. Ni kweli tulikuwa ndani ya ukumbi, lakini mtu aliacha dirisha wazi.

Mnara kanikera. Ndiye wanayetaka achukue nafasi yangu: kijana wa idara ya kupakia mizigo, miaka ishirini na moja, anashika chuma cha kikapu kama mtu anayeanua nguo kambani. Kila mpira wangu ukidondoka kabla ya kufika, anaukimbilia, ananirudishia kwa mikono miwili, ananiambia ilikuwa karibu, mzee. Mzee! Adabu gani hii ya kuumiza watu?

Nyumbani nimemkuta mama watoto anaongeza kitambaa ubavuni mwa jezi yangu, mara ya tatu tangu tuoane. Nikamsimulia yote. Akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamwambia methali hiyo walitunga walioshindwa. Akakata uzi kwa meno, akanyamaza. Mke wangu akinyamaza huwa ana maoni mengi.

Nimefikiri sana. Mkono wangu hauna kasoro. Mpira unakwenda sawasawa kabisa, ila unachoka njiani, hatua moja tu kabla ya kikapu. Basi tatizo ni umbali. Na huo umbali, nani anaupaka rangi?

Jumatano, 6 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Desturi ya timu yetu ni kwamba kabla ya msimu, mchezaji mkongwe kuliko wote hupaka upya mistari ya uwanja. Hupaka peke yake, pekupeku, kwa brashi ileile pana aliyoachiwa na mkongwe aliyemtangulia. Siku akiondoka, naye humkabidhi anayefuata. Brashi iko kwangu mwaka wa nane sasa.

Nimeomba ruhusa saa nane mchana, nimejifungia ukumbini. Kwanza nikachanganya rangi ya sakafu ya kuufuta mstari wa zamani wa pointi tatu. Hapa naomba nijisifu kidogo. Kuchanganya rangi ndiyo kazi yangu kiwandani, na kahawia ya sakafu ile ina miaka sita ya jasho, vumbi na soli za viatu. Nimeipata kwa jicho, bila kipimo chochote. Hata ukiinama hujui imeanzia wapi. Kisha nikachora mstari mpya mweupe, hatua moja karibu zaidi na kikapu. Hatua ya kiatu changu, namba arobaini na sita.

Nimefanya upande mmoja tu, wa kikapu cha mlangoni, maana ndicho tunachoanza kukishambulia kila mechi ya nyumbani. Pande zote mbili ungekuwa udanganyifu.

Rangi ya msingi sikupaka. Vibarua wakiiruka huwa nawafokea mpaka sauti inakauka, kwa sababu rangi isiyo na msingi hubanduka. Lakini muda ulikuwa mfupi, na mimi si kibarua.

Alhamisi, 7 Machi

Kumi na tatu kati ya ishirini! Mlangoni! Kocha amejikuna kichwa. Mlinzi wa geti amepiga makofi. Mnara naye alijaribu palepale akatia kumi na tisa, lakini huyo leo hatumhesabu.

Mama watoto ameona rangi kwenye kisigino changu. Akaniuliza tangu lini mistari ya uwanja ikawa ya kahawia. Nikasema ni matope. Akasema mvua haijanyesha mwezi mzima. Nikaenda kuoga.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Jukwaa lilijaa. Maua yangu yalikuwa mezani kwa mwandika pointi, ndani ya ndoo ya rangi iliyooshwa. Sikuyatazama. Kocha akasoma majina ya wanaoanza. Langu halimo! Nikamfuata mbio. Akaninong'oneza kwamba amenipangia heshima: nitaingia baada ya mapumziko, jukwaa zima lisimame. Nikasema nataka kuanza. Akasema nitulie, mgeni rasmi hafiki kwanza.

Nikakaa benchi. Hapo ndipo likanijia jambo ambalo hata mtoto wa shule anayecheza mchezo huu analijua. Baada ya mapumziko, timu hubadilishana vikapu. Miaka kumi na tisa uwanjani, na nimelisahau! Jasho likanitoka nikiwa nimekaa.

Mnara alitupia saba kutoka kwenye mstari wangu, akatia sita. Jukwaa likamwimbia. Mstari wangu! Kahawia yangu!

Kipindi cha pili nikaingia. Walisimama wote, na sitadanganya, machozi yalinilengalenga. Kikapu changu sasa kilikuwa cha upande wa pili, chini ya saa ya ukutani, chenye mstari wa haki. Nilitupia nne za mbali. Ya kwanza haikugusa kitu. Ya pili ilimgusa mpiga picha. Nyingine mbili sizitaji. Huko mlangoni watu wa unga walishagundua kuna neema. Hata nahodha wao, mtu mnene asiyetupia mbali tangu azaliwe, alitia tatu mfululizo akawa anatazama mikono yake mwenyewe kwa mshangao. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi kumi na saba. Zikayeyuka zote. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi maji yalikuwa shingoni.

Zikabaki sekunde nane, tuko nyuma kwa pointi moja. Mnara ana mpira, nafasi anayo, hajakabwa na mtu. Akanitazama. Akanipa. Hata sasa sijui kwa nini.

Sikutupia. Miguu yenyewe ilikumbuka njia. Nikampita wa kwanza, nikamhadaa wa pili, nikaugusisha mpira kwenye ubao kama nilivyokuwa nikifanya nina miaka ishirini na tatu. Ukaingia! Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Mshale! Mshale! Mnara akanibeba begani peke yake, kama mzigo wa idarani kwake. Nililia waziwazi mbele ya mke wangu na wafanyakazi wenzangu, na sioni aibu hata chembe. Mchezaji gani mwingine amewahi kuagwa vile?

Nikiwa bado huko juu, nilimwona refa amepiga magoti mlangoni. Miguu ya wachezaji ilikuwa imeibandua kahawia yangu, na mstari wa zamani ulikuwa unachungulia. Mistari miwili, hatua moja katikati. Akaomba utepe wa kupimia. Akapima mara mbili. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mwenye brashi. Nikasema labda sakafu imesinyaa kwa joto. Hakuna aliyecheka isipokuwa mama watoto.

Jumapili, 10 Machi

Mechi imefutwa. Itarudiwa baada ya wiki mbili.

Kocha amekuja nyumbani. Akanywa maji, akauliza habari za watoto, akalisifu pazia. Kisha akasema nisijisumbue kumweleza habari za utepe kukunjamana wakati wa kupaka, kwa sababu miaka yote hajawahi kuona mstari wangu umepinda hata unene wa unywele. Kwenye marudiano simo. Jezi itatundikwa palepale walipopanga, maana niliyoyafanya kwa miaka kumi na tisa hayafutiki kwa kopo moja la rangi.

Alipofika mlangoni akageuka. Akasema zile pointi mbili za mwisho ndizo nzuri kuliko zote alizowahi kuniona nikifunga, na nimezifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Hilo limeniuma kweli. Mama watoto akaniwekea chai, akaniuliza kama sasa nimejifunza. Nikasema ndiyo, mke wangu, nimejifunza.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemkabidhi Mnara brashi. Tumeingia ukumbini wawili, pekupeku. Nimemwonyesha namna ya kuutuliza mkono, namna ya kupumua kwenye kona, na rangi ya msingi kwanza, kijana, bila msingi ni bure! Anapaka vizuri. Vibaya kidogo kuliko mimi, lakini vizuri.

Nikamuuliza kwa nini alinipa ule mpira. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba alipokuwa darasa la tatu baba yake alimleta kwenye jukwaa lile, akaniona nikifunga vilevile, na tangu siku hiyo alitaka kuona kwa karibu inafanywaje. Nikageuka nikatafuta kopo ambalo halikuwepo.

Nikiwa nimegeuka, nikapata wazo. Mechi ikifutwa, vyote vya ndani yake vimefutwa. Maua yamefutwa. Kuagwa kumefutwa. Mtu ambaye hajaagwa bado yumo timuni, hiyo ni sheria! Nimemrudishia kocha maua pamoja na ndoo yake, na wiki mbili zinatosha kumbembeleza.

Halafu nikainua macho. Kumbe chuma cha kikapu kimeshikwa na bolti nne tu. Kikishushwa kiganja kimoja, nani atajua? Na safari hii vikapu vyote viwili, maana mimi si mtu wa kurudia kosa.

Brashi nimekabidhi. Spana hakuna aliyeiulizia.