Shati Jeupe na Vijiti Viwili

Jumatatu, 2 Juni 2003
Nimeficha jambo miaka ishirini na saba. Moyo umechoka, daktari amesema, basi niandike: sijawahi kupiga klave. Kamwe! Ni vijiti viwili tu, lakini katika son, ile densi ya Kuba, gitaa, besi, ngoma za bongo na tarumbeta vyote huvifuata. Picha ukutani inanionyesha nimevishika, Magadi, 1976. Shati jeupe, mikono yake imemeza vidole vyangu. Mtindo wa Kuba, huwaambia wageni. Aliyepiga ni Metito, kibarua wa kiwandani, nyuma ya pazia.

Jumanne, 3 Juni
Balaa! Bendi ya vijana inakuja Kitengela Jumamosi kuniheshimu. Eti nipige nao. Nimejifunga bendeji mkononi. Mjukuu wangu Shirleen ameifungua. Kwaro, yaani babu, amesema, si asubuhi umefungua chupa ya dawa na mkono huu huu? Nimemtumia Metito ujumbe Mashuuru, anakofuga ng'ombe siku hizi.

Alhamisi, 5 Juni
Metito amefika. Bado anainama mlangoni kwa urefu. Sopa, mwalimu, amenisalimu kwa Kimaasai. Nimemweleza mpango: pazia, kama zamani. Amecheka mpaka akakaa chini. Ameuliza kama siku ya kufa pia nitamtuma yeye. Lakini amekubali.

Jumamosi, 7 Juni
Ukumbi umejaa. Mimi kitini, Metito nyuma ya pazia. Akaanza. Mapigo matatu, kisha mawili. Tatu, mbili. Ee Mungu wangu! Besi ikaingia, tarumbeta ikapanda, na mzee wa ng'ombe akavibeba vyote bila kumwaga tone. Miaka yote ile nilihangaika kuiga mikono, sikuwahi kusikiliza. Leo nimesikia. Nimelia. Nikasahau kabisa kujifanya! Vijiti vimelala magotini, mlio unaendelea. Mama mmoja akapaza sauti: muujiza! Shirleen akalivuta pazia.
Ukumbi mzima ulisimama kumshangilia Metito. Hata mimi, bila mkongojo.

Jumapili, 8 Juni
Metito amesema yameisha, mwalimu, ilikuwa mchezo tu. Mtu mwema! Nimempangia mazishi yangu: atapiga nyuma ya hema, asionekane. Mimi nizikwe na shati jeupe. Shirleen amelipima mabegani kwangu, akaguna. Kwaro, hili si lako. Mtindo wa Kuba, nimemjibu.
Kweli ni hii. Mwaka ule wa 1976, kiongozi wa bendi alimchagua Metito. Mimi nilimwambia kiongozi kwamba Metito anaogopa watu. Nikamwambia Metito kwamba kiongozi hataki mtu asiyekwenda shule apande jukwaani. Anaamini hadi leo. Shati lilishonwa kwa kipimo chake.