Rudisha Ukali wa Makena

Salesio Muthamia,
Dereva Mstaafu,
Nyuma ya Soko la Nkubu,
Meru.

Kwa Daktari Wambeti,
Kliniki ya Wanyama Wadogo,
Embu Mjini.

KUH: SUNGURA ULIYEMPONYA BILA KUFIKIRIA MATOKEO

Daktari mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, mikono ikiwa safi na kisu kikiwa mahali pake. Mimi ni yule mzee wa kofia ya Juba aliyekuletea Makena, sungura jike mweupe, mwenye sikio moja la kijivu, ndani ya kikapu kilichofungwa kwa mpira wa tairi. Kama mimi umenisahau, kidole chako gumba hakijamsahau yeye.

Nakuandikia kwa heshima na kwa uchungu. Ningeweza kupiga simu, lakini mambo ya simu huisha pamoja na kredo, na mimi nataka jambo hili likae kwenye faili. Wala mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Nimeendesha lori hadi Moyale, nimefika Juba, na nikienda Lubumbashi nimelala mpakani mpaka nikajua majina ya watoto wa askari wa forodha. Shule niliachia darasa la saba, lakini darasa la saba la zamani ni sawa na fomu foo ya siku hizi, tena yenye maksi nzuri. Kwa hivyo ninaposema umenikosea, jua nimepima.

Kosa lako ni hili: ulimtoa Makena kizazi, ukaniamuru nimtafutie mwenzi, na sasa ametulia kama mto wa kitanda. Na kwa sababu ametulia, Nesi Marcella haji tena nyumbani kwangu. Nataka aje. Barua yote ni hiyo, lakini ngoja niipange kwa namba, jinsi tulivyofundishwa.

1. Kuhusu Nesi Marcella mwenyewe. Huyu ni jirani yangu, nesi aliyestaafu, mjane kama mimi nilivyo mgane, na kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa michongoma wenye mwanya wa kupita mtu mmoja. Binti yangu Mukiri aliniletea Makena nilipoacha barabara, ati nisikae na redio peke yake. Wiki haikuisha, vita vikaanza. Nikimpelekea majani ya viazi vitamu, ananguruma, anarusha ngumi za mbele kama bondia, halafu meno. Mimi napiga kelele kidogo, kelele ya kiume, na Marcella anapita kwenye mwanya akiwa na pamba, spiriti na bandeji.

"Leo ni wapi, Baba Mukiri?"

Namwonyesha. Anasafisha, chai inachemka. Kidonda kidogo kilikuwa cha kikombe kimoja. Kidonda cha maana kilitufikisha taarifa ya habari. Daktari, nimekula Addis Ababa katika hoteli zenye vitambaa mezani, lakini sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale jikoni kwangu, nimenyoosha kidole, naulizwa kama inauma.

2. Kuhusu mashauri yako. Mukiri alikuja Krismasi, akaona mikono yangu, akasema, "Baba, huyu ama atibiwe ama apikwe." Mimi siwezi kula mtu ninayemwita kwa jina. Ndiyo sababu nilipanda lori la viazi la Mwirigi nikaja Embu. Ukanieleza vizuri sana, nakumbuka kila neno. Ulisema Makena si mbaya. Ulisema jike aliyekomaa huambiwa na homoni kwamba kila pembe ya nyumba ni yake na kila mkono ni adui, na yale manyoya aliyokuwa aking'oa kifuani ni kwa sababu mwili ulimdanganya ana mimba. Tumtoe kizazi, ukasema, tungoje wiki kadhaa mwili upoe, halafu apewe dume aliyehasiwa, kwa sababu sungura hakuumbwa kukaa peke yake.

Maneno matamu. Nikaitikia kama mtu aliye kanisani. Lakini je, uliniuliza, "Na wewe mzee, unakaa na nani?" Hukuniuliza. Ulimtibu mmoja wa nyumba ukaacha mwingine pale pale kwenye benchi ya kliniki yako, ameshika kikapu.

3. Kuhusu usalama wa taifa. Zamani hakuna mtu aliyeingia kwangu bila kazi. Mgombea udiwani mmoja aliingia kuomba kura, Makena akamshika kifundo cha mguu, na yule bwana akatoa ahadi zake akiwa amesimama mguu mmoja. Sijawahi kusikia ahadi fupi namna ile. Rafiki yangu Duale wa Maua, mtu mwenye ngamia Isiolo, alimtazama Makena kwa mbali akasema, "Salesio, huyu si sungura. Huyu ni mtu wa kodi." Watu walitoka Laare na boda boda kuja kumwona. Sasa wagombea wanakaa. Wanakaa, Daktari, wanaegemea kiti, wanaomba sukari zaidi, na mmoja juzi alieleza mpango wa barabara kilomita kwa kilomita huku Makena amelala juu ya kiatu chake. Kama nchi itaharibika, mimi nitataja jina lako.

4. Kuhusu harusi. Ulisema Makena na dume wakutanishwe mahali ambapo hakuna hata mmoja wao anayepaita kwake, ili wasipigane. Wewe ni mtu wa Embu, labda huko bado kuna mahali pa namna hiyo. Hapa kwetu hata kivuli cha mti kina mwenyewe na kesi. Tena desturi inajulikana, bibi arusi ndiye huhama. Sasa dume alikuwa wa yule yule Mwirigi, mkulima wa viazi wa Kibirichia. Anaitwa Meja, na wewe mwenyewe ndiye uliyemhasi. Nilipomwomba Meja aje kukaa kwangu moja kwa moja, Mwirigi alikunja uso.

"Dume langu liende kuolewa Nkubu? Watu wa Kibirichia wataniona aje?"

"Mwirigi, huyu ameshahasiwa. Ni heshima gani tena unailinda?"

Akatazama nyuma yake. "Hiyo si watu wengi wanajua," akasema, "na wewe punguza sauti."

Basi tukapatana pa katikati, yaani kibanda cha kupimia majani chai, siku ambayo hakuna kuchuma. Kibanda ni cha wakulima wote, maana yake si cha mtu. Tukaweka vikapu viwili sakafuni. Wapita njia wakaona mlango uko wazi siku isiyo yake, wakadhani bonasi ya majani chai imetangazwa. Kabla sijafungua kikapu, kuta zote zilikuwa zimejaa watu, na Hezekiah, mwenyekiti wa kibanda, alikuwa ameshafika na koti lenye vifungo vyote.

"Ajenda ni nini?" akauliza.

Mwirigi hawezi kudanganya akimwona mwenyekiti. Akasema, "Ni mambo ya ndoa."

Hakuna aliyeondoka. Wanawake wakajipanga upande wa Makena, wanaume upande wa Meja, na mzee mmoja akataka kujua asali ya mahari iko wapi, na kama kondoo wa mama wa bibi arusi ameletwa, kwa sababu yeye hawezi kukaa katika kikao kisicho na utaratibu. Makena akatoka, akamzaba Meja kofi, akarudi kikapuni. Mama mmoja akasema, "Sawa kabisa, kwanza ajue." Tulirudi pale tena na tena, jinsi ulivyoagiza, na kila mara watu waliongezeka, mpaka Hezekiah akaanza kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Siku Makena alipomlamba Meja sikio, vigelegele vilivyopigwa pale, mpita njia angedhani tumepata uhuru mara ya pili.

Sasa sikiliza uchungu wenyewe. Vikao vyote hivyo, Marcella alikuwepo. Alisimama upande wa bibi arusi, na mimi, kama mzazi wa bibi arusi, nilisimama karibu naye kwa haki kabisa. Aliniambia sikioni, "Huyu Meja ni mpole. Makena asimpoteze." Nilikuwa naombea ndoa icheleweshwe. Lakini dawa yako haina huruma, wakazoeana, Mwirigi akalegea, Meja akahamia kwangu, vikao vikafungwa. Hata ile nafasi ya kusimama ukaninyang'anya.

5. Kuhusu jioni zangu. Wanalala pamoja chini ya meza kama mikate miwili. Makena akiamka, anamtafuta Meja kwanza, halafu maji. Meja akisogea, na yeye anasogea. Wamenenepa, wananing'iniza midomo kwa raha. Mimi niko juu ya kiti, nawatazama, redio inasema bei ya mahindi. Yaani uliponya upweke wa nyumba hii ukaanzia chini na ukaishia chini.

6. Kuhusu juhudi zangu mwenyewe, usije ukasema nimekaa tu. Nilimwekea Makena kidole mdomoni. Akakilamba. Nikamwondolea sahani akiwa anakula, jambo ambalo zamani lingenipeleka wodini. Akanitazama kwa subira, kama mwalimu. Nikamnyima majani ya viazi, nikamwimbia wimbo mbaya, nikamwambia maneno kuhusu mama yake. Akalala. Mwisho nikajikwaruza mkono kwenye seng'enge ya zizi, nikapiga ile kelele ya zamani. Marcella akaja mbio, na moyo wangu ukaruka. Akashika mkono, akaugeuza huku na huku.

"Baba Mukiri," akasema, "siku hizi Makena ana kutu kwenye meno?"

Akanifunga bandeji, akaenda zake. Chai ilibaki mezani ikaweka ngozi juu. Tangu siku hiyo nasikia tu akifagia upande wa pili wa ua.

Kwa hayo yote, Daktari, naomba yafuatayo. Naomba umrudishie Makena kile kizazi. Kama kimetupwa, naomba cha mnyama mwingine, sichagui sana, ila awe mkali na awe amelelewa vizuri. Kama sayansi haijafika huko, mpe sindano ya kumfanya aume Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wikendi apumzike na mume wake. Kama hilo nalo ni gumu, basi niandikie cheti chenye mhuri kwamba mimi nina ugonjwa wa kuambukizwa na sungura wapole, unaohitaji nesi wa karibu kila jioni, kwa muda usiojulikana. Ukikataa yote, nitapanda kwa chifu, kwa gavana, na hata Umoja wa Mataifa, ambao ofisi yao ya Juba nimewahi kuegesha lori mbele yake bila kufukuzwa.

Nisalimie mama yako, msalimie yule karani anayeandika majina ya wanyama kwa mwandiko mzuri kuliko wa watu, na yule paka aliyekuwa amevishwa kola ya plastiki, mwambie nilimwona na nilimhurumia. Mwirigi anakusalimu. Hezekiah anakusalimu kwa niaba ya kibanda kizima. Makena na Meja hawana neno na wewe.

Ni mimi, mwenye mikono mizima na moyo uliokwaruzika,

Salesio Muthamia.

Tena: Daktari, subiri. Barua hii ilikosa bahasha, nikapita kwenye mwanya kwenda kumwomba Marcella moja, maana yeye huwa nazo za sadaka. Akauliza bahasha ya nini na simu ninayo. Nikajaribu kudanganya, nikashindwa, nikamweleza nakuandikia ili umfanye Makena aume tena. Akauliza kwa nini. Nikatazama michongoma. Nikasema, "Ili uje."

Nikaanza kuihesabu miiba. Halafu akasema, "Salesio, mimi nilikuwa nakunywa hiyo chai yako miguu ikiwa juu ya kiti. Kila siku. Sasa mgongo wangu ni wa kukaa hivyo? Nilimshukuru Mungu mnyama alipotulia, nikasema sasa nitakaa vizuri. Nikangoja."

Nikamuuliza alikuwa anangoja nini.

"Nilikuwa nakuja kama nesi. Mgonjwa hakuna tena. Nikuje kama nani? Si uniite."

Nimemwita. Ninavyoandika haya yuko hapa, miguu iko sakafuni, viatu amevua. Kwa hivyo usiguse kizazi, usitume sindano, na cheti usiandike. Malalamiko yote, namba moja hadi sita, nimeyafuta, na la wagombea nitalibeba mwenyewe. Barua natuma hivyo hivyo kwa sababu amesema ni vibaya kuharibu karatasi.

Anakuuliza pia kama una dawa ya mzee aliyefika mpaka Lubumbashi lakini hajui kumkaribisha jirani chai. Nimemwambia wewe ni daktari wa mifugo tu. Amesema anajua, ndiyo sababu anakuuliza wewe.