Bi Balqis Hendi Popote

Jumatatu, 6 Januari. Ibra.

Mpango nimeupata! Umenijia nikimbadilisha mwanangu Rawya nepi. Bibi yangu na mdogo wake, Bi Balqis wa Sur, hawasemezani miaka sasa. Sababu pilau! Kwenye harusi ya mjomba, Bi Balqis alionja pilau ya Bibi, akauliza mbele ya wanawake wote, hii pilau au bokoboko la kupondwa? Bibi akaapa hakanyagi kwake mpaka aitwe. Mwenziwe akasema mlango uko wazi, haitwi mtu. Basi. Kimya. Na Bibi hulala na picha ya mdogo wake chini ya mto. Anadhani sijui.

Kwa hiyo leo nikamwambia: Bi Balqis kanipigia simu, anaumwa, anasema, "Mwambie dada Mabruka aje nimwone." Uongo mtupu. Bi Balqis mzima kama jiwe. Lakini uongo wa kheri!

 Bibi akainuka na magoti yake yale mabovu, akaingia chumbani, akarudi kavaa abaya ya kutokea, mkoba mapajani. Anataka twende saa ile ile. Mume wangu Maen keshashika ufunguo wa gari. Nikawazuia. Ijumaa ndiyo siku, jamaa wote watakuwepo, walie vizuri. Nikasema, "Tulia Bibi. Bi Balqis hendi popote."

Wifi yangu Huwaida, anayesomesha Kiingereza, ndiye niliyemnong'oneza mpango; akacheka puani. Eti Waingereza wana msemo wa watu kama mimi: maneno mashuhuri ya mwisho. Mwisho wa nini? Akanieleza kama yuko darasani. Zamani kwao mkubwa akifa, neno lake la mwisho liliandikwa, likasomwa kama hekima. Mengi marehemu hata hakuyasema, waliyatunga waliobaki. Baadaye ikawa mzaha. Mtu anasema bunduki hii haina risasi, mara puh! Hayo ndiyo maneno yake mashuhuri. Siku hizi huambiwa yeyote anayejiamini kupita kiasi.

Nikamwambia ahsante mwalimu, mie sikusoma sana, lakini mpango huu hauna kasoro. Akaurudia msemo wake. Mdomo huo!

Jumanne, 7 Januari.

Bibi kalala na abaya. Anauliza Ijumaa bado?

Jumatano, 8 Januari.

Soko la wanawake. Bibi kachagua kitambaa cha zambarau, eti Balqis hupenda zambarau. Hakuwahi kumtaja kwa jina tangu ile harusi! Usiku kapika pilau, ya kujaribu. Akatuangalia mdomoni tukila. Imechambuka, punje kwa punje? Maen akaapa imechambuka.

Huwaida kaniuliza kama nimewapigia simu Sur kuwatayarisha. Nitapiga kesho. Haraka ya nini? Kanyanyua nyusi tu. Nimeusikia msemo hata hivyo.

Alhamisi, 9 Januari.

Inna lillahi.

Bi Balqis kasali alfajiri, kajilaza, hakuamka tena. Jirani ndiye aliyemkuta. Tahira, bintiye anayefanya kazi Maskati, alitupigia simu kwa sauti ambayo sikuitambua.

Njia nzima Bibi hakulia. Kitambaa kwenye mkoba, mkoba mapajani. Tulipopita mji wa Al Kamil akasema, "Aliniita Jumatatu. Nikakaa."

Nikatamani gari linimeze. Nikafungua mdomo niseme kweli. Wallahi niliufungua! Kilichotoka ni hiki: alisema usiharakishe, kwa sababu ya magoti. Bibi akanigeukia. Akauliza, kumbe Balqis aliyakumbuka magoti yake? Nikasema ndiyo. Akanishika mkono mpaka Sur. Maen ananitazama kwenye kioo.

Jumamosi, 11 Januari. Sur.

Msibani. Kila mwanamke anayeingia Bibi anampokea kwa neno moja: aliniita. Wanalia wote. Nami nalia, kwa yangu.

Mchana Tahira akanivuta jikoni, akafunga mlango. Nikajua nimekwisha. Anajua mama yake hakuumwa hata siku moja. Nikamkumbatia Rawya, nikapanga maneno ya kuomba radhi. Tahira akauliza kwa sauti ndogo: mama alipokupigia, mimi hakunitaja? Jumapili iliyopita mama alimpigia simu, Tahira yuko kazini, akamwambia atampigia baadaye; hakumpigia.

Nilimtazama. Nikamwambia alisema, "Tahira wangu hana kosa."

Alilia begani kwangu mpaka shela ikarowa. Rawya naye akaanza. Mlango ukafunguka. Huwaida, na birika la kahawa. Kasikia yote. Nikangoja msemo.  Akaweka birika chini, akajifuta macho kwa mkono wa nguo.

Jumapili, 12 Januari. Ibra.

Nimetubu. Nimeapa, sisemi tena uongo, wa kheri wala wa shari. Mipango basi!

Asubuhi Bibi kavua abaya. Kitambaa cha zambarau kakikunja juu ya ile picha. Akaniita, akauliza huku akitazama dirishani, Balqis kuhusu pilau hakusema lolote?

Nikamwambia alisema ilichambuka vizuri sana, siku ile alitania tu.

Bibi kacheka! Kacheka mpaka akalia.

Hili neno ndilo uongo wangu wa mwisho. Na hakuna atakayejua.