Mgeni Wangu Aliyetumbukia Ndani ya Mlima

Elisaria Njau,
Kidia, Old Moshi.

Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa Kompyuta na Simu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU USHAURI WENU KWA WANAOANZA KUTENGENEZA GEMU

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, marahaba. Natanguliza zote mbili kwa sababu picha yako gazetini ni ndogo na umevaa kofia.

Mimi ni mwongoza wageni mstaafu. Nimepandisha watu Mlima Kilimanjaro tangu nikiwa na magoti mazuri hadi magoti yalipokataa, na kwa miaka yote hiyo sikupoteza mgeni hata mmoja. Wapo waliotapika, wapo waliolia, yupo mama mmoja aliyeniomba nimwoe tukiwa karibu na kilele kwa sababu ya upungufu wa hewa, lakini wote niliwarudisha getini wakiwa wazima. Tafadhali likumbuke jambo hilo unaposoma, maana ndilo linaloniuma.

Nilipostaafu, mlima nikabaki kuutazama nikiwa kihambani tu, kwenye shamba letu la migomba, tena siku ambazo mawingu yameruhusu. Binti yetu aliyeko Dodoma akatuletea kompyuta iliyokwisha kutumika. Nikasema, kama siwezi kuupanda, nitautengeneza. Mke wangu Theodora, ambaye ni mwalimu wa shule ya Jumapili usharikani kwetu, naye akasema atatengeneza gemu ya ng'ombe awaonyeshe watoto Siku ya Mikaeli na Watoto, na Jumapili iliyofuata akawaahidi. Tulikuwa na furaha, Mhariri. Watu wenye wajukuu, tukisukumana kuwahi kiti cha kompyuta. Hapo ndipo tuliposoma makala yenu iliyouliza programu gani inamfaa anayeanza. Yaliyofuata nayapanga kwa namba.

1. Mliandika kwamba anayeanza achague programu "inayomfaa mwenyewe." Ndugu Mhariri, kwenye nyumba ya kompyuta moja na watu wawili, mwenyewe ni nani? Theodora alichagua ile ya vipande vya rangi, ambayo huandiki kitu. Unapachika kipande cha "nenda" juu ya kipande cha "geuka" kama fundi anayepanga matofali, na ng'ombe anakwenda. Mimi nilichagua ile nzito wanayotumia wakubwa, yenye mawingu, vivuli, na milima unayoweza kuizunguka ukaiona mgongo. Theodora alinikumbusha kwamba makala imesema ile ya vipande ndiyo rahisi. Nikamjibu kwamba mlima wa vipande ni mlima bapa, na mimi sikumaliza magoti yangu kwenye kitu bapa. Akasema ng'ombe wake atakuwa ameshazaa kabla mlima wangu haujaota jani. Maneno hayo yalisemwa mbele ya mtori, ukapoa, na hakuna aliyeupasha.

2. Hamkusema popote kwamba programu nzito ni nzito. Kuipakua kulihitaji mtandao, na kwetu mtandao wa maana unapatikana kwenye ngazi za kanisa. Nikakaa pale na kompyuta mapajani kutwa nzima, na kesho yake tena, nimeinamisha kichwa nikitazama mstari wa bluu unavyosogea. Mchungaji alipita, akarudi, akaniwekea mkono begani. Jumapili iliyofuata niliombewa kwa jina. Sikuwa na ujasiri wa kusimama kueleza, na Theodora, ambaye angeweza kueleza, aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima.

3. Mliandika: "Anza na kitu kidogo, kwa mfano mpira unaodunda." Hili lilinivunjia heshima. Kwa hiyo nilianza na Kilimanjaro yote, pamoja na Mawenzi. Nikapanda miti msituni mmoja mmoja, nikaweka ukungu, nikaweka vibanda vya kulala. Feni ya kompyuta ilivuma mpaka ng'ombe wetu wa kweli, yule wa zizini, akaacha kula. Kisha nikaweka mgeni. Nilimvalisha koti jekundu na kofia, nikampa mkoba mgongoni, nikamsimamisha getini, nikabonyeza kitufe cha kuanza. Alipiga hatua moja, akatumbukia ndani ya mlima.

Mwanzoni sikuelewa. Alizama taratibu kama kijiko kwenye uji, kofia ikawa ya mwisho kuonekana. Nikageuza kamera kuelekea chini, nikamkuta anaanguka, mikono kando, uso mtulivu, chini yake hakuna kitu ila rangi ya kijivu. Hakupiga kelele, maana sikuwa nimejifunza kuweka sauti. Nikasubiri afike chini. Chini hapakuwepo.

4. Malalamiko yenyewe yanaanzia hapa. Hayo ya juu yalikuwa utangulizi.

Nilimpigia simu Krunal, mwenye duka la kompyuta mjini Moshi, kijana mstaarabu ambaye baba yake aliwahi kupanda nami na kushuka salama. Aliniamkia, akasikiliza hadi mwisho, akasema ardhi yangu haijawekewa ugumu. Kuna kisanduku kidogo cha kuweka tiki, na ili kuweka tiki hiyo lazima kwanza nizime gemu. Nikamuuliza kama anataka nizime mgeni akiwa hewani. Akaanza kusema jambo jingine, nami nikakata simu.

Mhariri, mwongozaji hamwachi mgeni. Akipata kizunguzungu, unakaa naye. Akiishiwa pumzi, unakaa naye. Hakuna kanuni ya mlimani inayosema ukiona mgeni anaanguka, uzime mlima. Nikatangaza nyumbani kwamba kompyuta haitazimwa mpaka ipatikane njia.

Theodora alisimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Huniita Meku, yaani mzee, tangu tulipopata mjukuu wa kwanza.

"Meku," akasema, "huyo mtu umemchora mwenyewe."

"Ni mgeni wangu," nikasema.

Akaiweka ndoo chini, akanitazama kama mtu anayetazama wingu la mvua wakati kahawa iko juani, akaondoka.

5. Basi mgeni akaendelea kuanguka, na nyumba yetu ikaanguka naye. Umeme ulipokatika, nilimshikilia kwa betri nikaenda kwa jirani mwenye sola, kompyuta nimeibeba wazi mikononi kama sinia la chai, nikipenya katikati ya migomba huku nikiomba nisijikwae. Nikila, nilikula mbele yake. Asubuhi nilimsalimu kwa Kiingereza, kwa kuwa sikuwa na hakika ametoka nchi gani. Wakati huo ng'ombe wa Theodora alikuwa amebaki anajua kugeuka kulia tu. Kipande cha kushoto kilikuwa bado kuwekwa, na kompyuta ilikuwa na mgeni. Siku ya watoto ilikuwa inakaribia. Theodora akaacha kuniita Meku, akaanza kuniita Bwana Njau. Baadaye akawa haniiti kitu. Nilijipikia ndizi mwenyewe, zikaungua, nikazila hivyo hivyo ili asizione.

Habari zikashuka mpaka barabarani. Mzee Sirili, mzee wa kanisa, akaja na suluhisho lake: programu ya tatu, ya bure, ambayo unaiandikia maagizo kwa maneno. Alisema si nyepesi wala si nzito, ni ya watu wenye busara. Sasa mtaa una vyama vitatu. Akina mama wanaoshusha ndizi soko la Kiboriloni wako upande wa vipande. Wapagazi wastaafu wote wako upande wangu, ingawa hakuna hata mmoja mwenye kompyuta. Mzee Sirili yuko peke yake, lakini funguo za ukumbi wa usharika anazo yeye. Kwenye harusi ya juzi watu walipangwa mezani kwa kufuata programu.

6. Lalamiko la sita nimelifuta kwa ombi la mchungaji.

7. Siku ya Mikaeli na Watoto ikafika, ukumbi ukajaa. Kwa kuwa mimi na Theodora hatukuwa tukisemeshana, mchungaji alisimama katikati yetu akipokea maneno huku na kuyapeleka kule, tukafikia makubaliano. Ng'ombe angeonyeshwa ukuta mzima. Mgeni wangu angepunguzwa awe kidirisha kidogo kwenye kona, bila kuzimwa.

Projekta ikawashwa. Ng'ombe akatokea, akageuka kulia, akala mgomba. Watoto wakacheka mpaka wengine wakashuka kwenye mabenchi. Akageuka kulia tena, akala mgomba wa pili. Theodora akawaita watoto mmoja mmoja waje wambonyeze. Lazima niseme ukweli, Mhariri, ilikuwa kazi nzuri. Mkia ulikuwa unatikisika kwa namna ambayo mtu asiyefuga hawezi kuibuni. Nilisahau kununa. Nilijikuta na mimi nimesimama kwenye foleni, nyuma ya binti wa darasa la pili, nikisubiri zamu yangu.

Kisha binti huyo akanyoosha kidole kwenye kona ya ukuta, akauliza yule anayeanguka ni nani. Ukumbi mzima ukageukia kona. Nikavuta pumzi nieleze. Kabla sijafungua mdomo umeme ukakatika, na betri, iliyokuwa imechoka kubeba mlima na ng'ombe kwa pamoja, ikafa. Ukuta ukabaki ukuta.

Nilivua kofia. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Watoto wakanitazama. Nilikuwa nimempoteza mgeni, tena mbele ya usharika. Theodora akatoka mbele, akapita katikati ya mabenchi, akanishika kiwiko. Alisema kwa sauti yake ya kila siku, lakini kila mtu aliisikia.

"Meku, amefika."

Halafu akawaambia watoto wamwimbie, wakamwimbia wimbo wa kumshukuru Mungu kwa safari njema, beti zote. Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, jambo ambalo kwetu wazee hawalifanyi barabarani.

Hata hivyo, amani ya nyumbani haiondoi kosa la gazeti. Kwa kuwa ushauri wenu ndio chanzo, naomba haya yatekelezwe bila kuchelewa. Mtangaze programu moja tu ya wanaoanza kwa watu wote wa mlimani, kuanzia Kibosho hadi Rombo, na iwe ile nzito. Watu wa Chekereni kule kwenye mpunga wapewe ile bapa, maana kwao ni tambarare na hawatapungukiwa. Kila programu ije na ardhi ngumu tangu mwanzo, kama alivyofanya Mungu, ambaye hakumwachia Adamu kisanduku cha kuweka tiki. Kiundwe kikosi cha uokoaji cha kuingia ndani ya kompyuta, na mimi niko tayari kukiongoza, kwa sharti kwamba humo ndani magoti hayahitajiki. Neno "rahisi" lisichapishwe tena bila kibali cha mkuu wa mkoa. Na kwa kuwa mgeni wangu hakuwa na ndugu mwingine, gazeti lenu liweke tangazo lake la tanzia, lenye mpaka mweusi, ukurasa wa mbele.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na aliyeandika ule mfano wa mpira unaodunda, simchukii. Theodora anawasalimu sana. Mchungaji anawasalimu na anaomba asihusishwe. Krunal anawasalimu. Wapagazi wote wanawasalimu kwa msimamo mkali. Mzee Sirili alisema atasalimu mkishaitaja programu yake.

Ndimi wenu, katika kupanda na katika kuteremka,

Elisaria Njau,
Mwongoza wageni mstaafu.

N.B. Barua hii ilikuwa imekwisha kufungwa, nimeifungua tena. Krunal amekuja na pikipiki kuangalia kompyuta. Ameichaji, ameweka tiki kwenye kile kisanduku, ameiwasha gemu. Mhariri, mgeni yuko getini. Mzima, koti lake jekundu, mkoba mgongoni, hana hata vumbi. Krunal anasema ndivyo inavyokuwa siku zote, ukizima kila mtu anarudi mwanzo, na hicho ndicho alichotaka kuniambia nilipomkatia simu. Yaani ningemzima siku ile ile aliyotumbukia, angekuwa getini kabla chai haijapoa.

Basi naomba usiichapishe barua hii, isipokuwa salamu. Madai yote nayafuta, na tanzia uiache kabisa, asije akaisoma mwenyewe. Programu moja kwa wote sitaki tena. Mimi nimehamia ile ya vipande na ninamfundisha ng'ombe kugeuka kushoto. Ni tamu kuliko nilivyodhani, nashangaa watu wazima wanafichwa. Ile nzito ameichukua Theodora. Yuko hapa nyuma yangu, zamu ya kompyuta ni yake, na simu ya Krunal imeunganishwa kama spika ya sauti aliyomwekea mgeni. Amemvusha mgeni msitu mzima bila kumpumzisha, sasa anampandisha mbio mbio kuelekea Kibo, na mtu huyo tangu atoke getini hajapewa hata maji.

Samahani, naishia hapa. Lazima niende nao.