Kitambaa cha Heshima Kwenye Dashibodi

Jumatatu, 14 Julai 1997
Kasulu. Gari jipya la mradi wa maji limewasili, na pamoja nalo nafasi ya Msimamizi wa Magari! Mkaguzi, Bi Asnath, yuaja keshokutwa kutoka Dar es Salaam. Atachagua kati yangu, karani wa stoo mwenye kidato cha sita, na Kipriani, dereva mwenye grisi kwenye kucha. Kwa maoni yangu, uchaguzi umekwisha.

Jumanne, 15 Julai
Kipriani amewahutubia watumishi. Ati gari hili hujipimia joto lenyewe: unabonyeza nyuzi ishirini na mbili, basi. Ati dashibodi ina vitundu vya kunusa hewa ya ndani. Joto likizidi, kilango kilichofichika huachia baridi. Likipungua, kilango hichohicho huchanganya hewa iliyopashwa na maji moto ya injini. Wakampigia makofi! Nikatamka kwa upole kwamba elimu ya gereji haimkirimu mgeni. Akanijibu kwamba mimi, Mheshimiwa Longinus, nikahesabu makoleo yangu ya stoo.
Makoleo!
Nikamwagiza mke wangu, Maximilla, afume kitambaa cha dashibodi. Redio yetu inacho, stuli zinacho, hata ndoo ya maji. Gari la mgeni likae uchi? Akauliza tangu lini gari likawa sebule. Nikamwambia afume, maswali yatasubiri cheo.

Jumatano, 16 Julai
Nimetandika asubuhi na mapema. Sufu nyekundu, pindo refu. Vile vitundu visivyopendeza vikafunikwa kabisa. Fahari!
Safari ya Kibondo. Jua likakipiga kitambaa, nasi tukapigwa na baridi. Kufika Makere, Bi Asnath alikuwa amejifunga kanga mbili. Mara mbili Kipriani akaomba ruhusa ya kukiondoa. Mara mbili nikamkatalia, nikisema hiyo ni heshima ya nyumba yangu. Bi Asnath akauliza, meno yakigongana, kama mradi wetu unachimba visima au unatengeneza barafu.
Kibondo, Kipriani akainua pindo kwa kidole kimoja. Akaeleza kwamba jua limevipika vitundu chini ya sufu, mashine ikadhani gari zima linaungua, ikazidi kumwaga baridi. Baada ya dakika chache, joto la kupendeza. Mchawi!

Alhamisi, 17 Julai
Kipriani ndiye Msimamizi. Hila tupu.
Hata hivyo, Bi Asnath alirudi Kasulu kajifunika kitambaa changu mabegani, akitangaza kwamba katika gari lile ndicho kitu pekee kilichokuwa na joto. Sifa kubwa kiasi hicho, mbele ya mashahidi! Kosa letu limedhihirika: kilikuwa kidogo mno.
Leo ofisi imepokea kompyuta. Chombo cha thamani, lakini mgongoni kina vitundu vya aibu, na kinapumua.
Maximilla ameshaanza kufuma.