Saruji Nayo Ipewe Muda wa Kuzoea

Ndugu Meneja wa Kiwanda,

Salaam nyingi, na pole kwa vumbi. Mimi ni mwendesha kinu cha kusagia saruji. Nakuandikia kwa heshima na uchungu kumlalamikia Mkuu wa Maabara ambaye, kama ujuavyo, ni mke wangu.

1. Kila asubuhi huchukua vipande vya saruji vilivyomwagwa jana, akavikandamiza kwa mashine yake. Vikipasuka mapema, anaandika kwamba nguvu za mapema ni haba, eti kinu changu kinatoa chenga badala ya unga laini. Sasa Meneja, nani amewahi kukomaa kwa siku moja? Wewe mwenyewe siku yako ya kwanza kazini ulipotea ukaingia stoo ya mafagio, na hakuna aliyekukandamiza.

2. Mfyatua matofali wa jirani amekuja getini na tofali la saruji yetu linalomeguka kama mkate mkavu. Anajenga ukuta wa shule na mvua imekaribia. Nilimsihi ayaache matofali yapumzike mwezi mzima. Akaniuliza, "Na mvua nayo niiambie ipumzike?" Naomba apewe onyo kwa kukosa subira.

3. Mke wangu anadai gololi za chuma ndani ya kinu zimelika. Hajaziona! Amesikiliza mlio tu, akasema kinatafuna kama mtu asiye na magego. Mimi nasikia kinanguruma vizuri kuliko mkutano wowote wa wakuu.

4. Maneno hayo anakuja nayo hadi nyumbani. Nikichelewa kuamka, huwaambia watoto, "Baba yenu naye nguvu zake za mapema ni haba." Juzi alisema hivyo mbele ya mama mkwe, ambaye alicheka mpaka akashika ukuta.

Kwa hiyo naomba kipimo cha siku ya kwanza kifutwe. Kila mfuko uchapwe maneno "Msiniharakishe". Maabara nayo ihamishiwe ng'ambo ya mto pamoja na mkuu wake, ila jioni awe anarudi, maana bila yeye nyumba hailaliki.

Wasalimie karani wako, mlinzi wa getini, na shemeji yetu mkeo, ambaye natumaini hafanyi kazi maabara.

Wako mtiifu, mweupe kwa vumbi,
Mwendesha Kinu

Nyongeza: Barua ikiwa bado mezani kwangu, kinu kilisimamishwa kikafunguliwa. Nimechungulia mwenyewe. Gololi zimelika kweli, na chujio la katikati lilizibwa na vipande vya chuma. Tumesafisha, tumeongeza gololi mpya, na vipande vilivyopimwa leo vimeigomea mashine mpaka maabara nzima ikapiga makofi. Mfyatua matofali ameshaanza kupandisha ukuta. Tafadhali futa yote ya hapo juu.

Tatizo ni kwamba mke wangu ameniona na bahasha, akauliza ninaandika nini. Nimemwambia ninakuomba umpandishe cheo. Amefurahi mno, na ameng'ang'ania kukuletea barua hii kwa mkono wake. Yuko mlangoni anaisubiri. Meneja, nakupigia magoti: mpandishe cheo, na usiisome kwa sauti.