Serikali Kuu Dhidi ya Gari la Mtakatifu Barbara

Jikoni, chini ya Kanisa la Mt. Barbara,
Tarbell, Pennsylvania.
Alhamisi, juma la tatu la Kwaresima.

Kwa Mkuu wa Polisi,
Mji wa Tarbell.

Mheshimiwa Leonard Hudak, mwanangu,

YAH: OMBI LA KUKAMATWA KWA VITU VINGINE VYA PAROKIA

Nakuandikia kwa heshima zote za ofisi yako, na pia kama mama yako mdogo niliyekushika siku ya ubatizo ukanitapikia kitambaa cha hariri. Nilipiga simu, karani wako akaniambia mambo ya kikosi cha pamoja yanapokelewa kwa maandishi tu. Basi maandishi ndiyo haya. Sikusoma sana, unajua, kwa hiyo nikikosea sheria unisahihishe taratibu.

Kwanza nishukuru. Tangu polisi wetu waungane na maajenti wa serikali kuu kupiga vita dawa za kulevya, mji umechangamka. Magari meusi mengi namna hii hatujayaona tangu mazishi ya Padri Andrej. Ila nina malalamiko machache, na nayapanga kwa namba ili Ajenti Prescott, huyo mkubwa wa maajenti, asipotee njiani.

1. Kuhusu kujificha. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, tukiuza pirogi, vile vimfuko vyetu vya unga vyenye kujazwa, kama kila mwaka, mlimpanga Konstebo Yurko kwenye foleni amefunika uso mpaka machoni kwa kitambaa cha sufi kama soksi, atupeleleze. Leonard, Yurko amekula pirogi zetu tangu hana meno. Alipofika mezani hakusema neno, akanyoosha kidole: za kabichi chachu, bila kitunguu. Bi Agnes, mwenzangu wa jikoni, akamfungia, akamwuliza nyonga ya mama yake inaendeleaje. Yurko akatikisa kichwa. "Mwambie avae soksi," Bi Agnes akasema, "na wewe hiyo yako ivue usoni, utakulaje?" Foleni nzima ilicheka, naye akaloa jasho. Kama ni lazima ajifiche, basi abadilishe na chakula.

2. Kuhusu mbwa. Sina ugomvi na mbwa, ni kiumbe wa Mungu na ana adabu kuliko wengine mliokuja nao. Lakini alipoletwa jikoni aliketi mbele ya mikate yetu ya mbegu za mpopi, mmea uleule unaotoa afyuni, na mbwa wa kikosi akiketi maana yake amenusa kitu. Mimi nilidhani ana njaa. Ajenti Prescott akataka kujua mbegu zinatoka wapi. Nikamwambia zinatoka dukani, na kwamba mji huu mzima hula mpopi Krismasi na Pasaka, pamoja na mkuu wa polisi, ambaye mwaka jana alikula mkate mzima peke yake amesimama. Akaandika jina lako. Nisamehe.

3. Kuhusu gari. Hapa ndipo penye roho yangu. Gari letu jeupe la parokia, ambalo kila Jumanne linavusha watu mlimani kwenda kwenye kituo cha tiba ya waraibu, maana basi huko haliendi, lilipekuliwa. Chini ya kiti cha nyuma pakaonekana kijikaratasi cha foili chenye unga, kiasi cha chumvi ya kunyunyizia yai. Gari likakamatwa. Nikauliza anayeshtakiwa nani, niende kumwombea. Ajenti Prescott akanijibu kwa upole, kama anavyosema na mgonjwa: "Hakuna mtu anayeshtakiwa, mama. Mshtakiwa ni gari." Akanionyesha na hati: Serikali ya Marekani dhidi ya Gari Moja Jeupe. Nikamwuliza gari limepata wakili? Hakucheka.

Waliniomba ufunguo, nikawapa ufunguo. Mimi si mtu wa kubishana na serikali. Sijawahi kuondoka posta hata na kalamu yao.

Lakini nikuulize, mwanangu, maana kwake sikuthubutu: gari linabeba waraibu kuwapeleka kutibiwa. Mlitegemea wadondoshe nini, rozari?

4. Kuhusu upendeleo. Nikitoka Misa naliona gari limeegeshwa nyuma ya kituo chako. Limewekewa tairi mpya za theluji. Kipasha joto, ambacho tulikisalia novena mbili, siku tisa kila moja, bila jibu, kimetengenezwa. Limeandikwa KIKOSI CHA PAMOJA ubavuni kwa rangi ya buluu nzuri sana, na linawapeleka maajenti kula chakula cha mchana.

Sasa mdogo wako Emil, mwanangu wa pekee, uliyemfundisha wewe kuteleza kwenye barafu, yuko kwenye orodha ya kusubiri kitanda cha tiba tangu kabla ya theluji ya kwanza. Yeye hajawekewa hata soksi mpya.

Zamani ulikuwa ukimwokota nyuma ya duka la kufulia nguo, unamleta hapa jikoni mwenyewe. Nawapa supu wote wawili, mnakula, unarudi kazini. Siku hizi ukimwokota ni kesi, na kesi ni ya Ajenti Prescott. Jumapili nilimkuta bafuni, midomo imegeuka buluu. Nikampulizia ile dawa ya puani ya kumzindua aliyezidisha, tuliyogawiwa kanisani, nikasali, nikampulizia tena. Alipofumbua macho hakuniita mama wala hakuomba maji. Alisema, "Usimpigie Leonard."

Hilo sina namba ya kuliwekea.

5. Ombi lenyewe. Nimeisoma sheria yenu kwa matendo yake, nami nimeielewa hivi: kilichoguswa na dawa za kulevya kinakamatwa, na kilichokamatwa kinatengenezwa. Basi naomba, kwa unyenyekevu, mkamate vifuatavyo.

Boila ya kanisa. Waraibu huiegemea wakiota moto, na huzimika kila Jumapili katikati ya mahubiri. Ni mshiriki kabisa.

Paa la upande wa kinanda. Limewafunika waraibu kwa miaka, linajua mengi, na linavuja.

Emil. Lakini mkamateni kama gari, msimkamate kama mtu. Yaani aoshwe, aangaliwe kilichoharibika ndani, apewe joto, awekwe mahali penye mlinzi, na ubavuni aandikwe MALI YA SERIKALI ili mtu asimguse. Ushahidi upo. Ana unga mwingi mwilini kuliko gari lile lilivyowahi kuwa nao.

Nitangoja jibu kwa njia zinazostahili, hata likichukua muda, maana mimi ni raia mtii na cha serikali sikigusi.

Mkeo Colleen na watoto nawabusu. Mama yake Yurko mpe pole ya nyonga. Mbwa naye msalimie, na Ajenti Prescott mwambie kesho tutakuwa na pirogi za jibini, hazina mbegu yoyote.

Mama yako mdogo, anayekuombea hata ukiwa na magari meusi,
Dorothy Palko,
Msimamizi wa Jiko.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha, simu ikalia. Kituo cha tiba wamepata kitanda. Emil afike kabla ya adhuhuri, asipofika apewe mwingine. Nimeisoma barua hii upya, hasa pale nilipoandika kwamba cha serikali sikigusi. Kisha nikakumbuka kwamba niliombwa ufunguo, nikatoa ufunguo, na hakuna aliyeniuliza kama upo wa pili. Ulikuwa nyuma ya picha ya Mtakatifu Barbara, alipouacha Padri Andrej. Kwa hiyo yote niliyoomba hapo juu yafute, na nyuma ya kituo chako usilitafute gari. Bi Agnes atakuletea barua hii tukishaondoka. Namalizia kuandika nikiwa kwenye usukani wake: kipasha joto kinafanya kazi vizuri sana, mshukuru fundi. Kwa maandishi yale ya ubavuni sidhani kama kuna atakayetusimamisha. Tutapita barabara ya mlimani, Emil amelala kiti cha nyuma na ndoo yake. Kama utatufuata, Leonard, usije nyuma yetu. Tangulia mbele na taa zako, kuna barafu. King'ora usiwashe, kichwa kinamuuma.